Siku ya Jembe ya Kobilo

Jerop aliwaambia wanawake wa zamu kwamba Kobilo ameacha jembe. Kobilo hakuwa ameacha. Hilo ndilo kosa lenyewe, na linaweza kusemwa kwa pumzi moja. Mengine yote yalitoka katika maneno hayo machache: nyumba iliyobomolewa, shamba lililopewa mtu mwingine, mama mzima kulala kwa mume wa binti yake kama mgeni asiye na siku ya kuondoka. Na maneno yenyewe yalisemwa kwa upole, na mtu aliyejua ukweli kuliko watu wote.

Kobilo na Jerop walitoka pamoja milima ya Tugen. Walikuwa wasichana wa rika moja. Walifungiwa ndani pamoja miezi ile ambayo msichana hufichwa kabla ya kuolewa, wakanywa maziwa kutoka kibuyu kimoja, wakafundishwa mambo yaleyale na mama mmoja mkali. Waliolewa mwaka mmoja, na waume zao wote wawili walikuwa wakamuaji wa ng'ombe kwa mzungu mmoja juu ya Njoro, ukiwa njiani kwenda Elburgon. Mzungu huyo jina lake hasa lilikuwa gumu kutamka, kwa hivyo watu walimwita Bwana Miwani.

Siku hizo Kobilo alikuwa na watu wengi mpaka akawa hawahesabu. Akitoka mtoni na debe la maji, kabla ya kufika mlangoni kwake alikuwa amesimamishwa mara kumi. Huyu anataka chumvi, huyu anataka kusimulia mume wake alisema nini jana, huyu hataki kitu, ameona tu mtu wa kucheka naye. Alidhani watu ni kama maji ya ule mto, kwamba ukichota leo kesho utakuta mengine.

Zamu ilianza wakati wa vita vya Hitler. Kila mfanyakazi alikuwa amepewa kipande cha nusu eka alime chakula chake. Wanaume walikuwa kwenye kazi ya mzungu tangu kengele ya asubuhi, kwa hivyo vipande hivyo vilikuwa juu ya wanawake. Na sheria ya Bwana Miwani ilikuwa fupi: siku nyapara atakapopita na vijiti vya alama baada ya mvua ya kwanza, kipande ambacho hakijageuzwa udongo kinapewa mwingine, na nyumba inafuata kipande. Mwanamke mmoja hawezi kugeuza nusu eka haraka hivyo na jembe la mkono. Wanawake sita wanaweza kwa siku moja. Basi wakawa sita, na kila mwaka, Januari ikiingia, pareto ikiwa na maua machache ya kuchuma, walianza kuzunguka kutoka kipande cha huyu mpaka cha yule.

Walikuwa na taratibu zao. Mwenye siku alipika, na ndiye aliyepiga jembe la kwanza huku wengine wamesimama wakimtania. Kisha walipanga mstari. Aliye mchovu, au mwenye mimba, au mwenye mtoto mgongoni, aliwekwa katikati ili apate kuvutwa na mwendo wa pande zote mbili. Mwenye nguvu alikaa mwisho wa mstari, upande wa mfereji, ambako nyasi za mizizi mirefu hushika udongo kama kucha. Miaka yote hiyo upande wa mfereji ulikuwa wa Kobilo.

Na siku ya mwisho pia ilikuwa yake. Kipande chake kilikuwa chini kabisa, karibu na kijito, udongo wake mweusi hauwi mgumu hata kiangazi. Mwaka wa kwanza kabisa, Jerop, mama wa Kemboi, akiwa amejifungua mtoto wake wa nne na anaogopa kuchelewa, Kobilo alisema, "Anzeni na Mama Kemboi. Udongo wangu unaweza kungoja." Mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza tena. Ikawa kila mwaka Kobilo analimia watu watano kwanza, ndipo watano wamlimie yeye. Kwa desturi yao hupigi jembe kwenye kipande chako kabla ya siku yako. Ni kama kuwaambia wenzako huwaamini. Kwa hivyo kiliachwa na nyasi zake mpaka mwisho. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake Kobilo. Alikuwa na udongo mzuri, na alikuwa na moyo wa kungoja.

Februari ya 1953, wakati wa Mau Mau, malori yalikuja kuwachukua Wakikuyu. Katika wale sita alikuwemo Wariara, mwanamke mfupi, mwenye maneno mengi, aliyemfundisha Kobilo kupika mahindi na maharagwe ya watu wengi yasiungue chini. Mwaka huo yeye ndiye aliyelimiwa wa kwanza. Zamu ya Kobilo ilikuwa bado wiki moja. Wariara alipanda lori na sufuria, blanketi na watoto watatu, na askari akiwa anafunga mlango wa nyuma yeye alitoa kichwa akampigia Kobilo kelele, "Mama Lea! Siku yako iko kwangu!"

Wanawake wengine walicheka huku wanalia. Nani atakumbuka siku ya jembe ndani ya lori?

Kipande cha Wariara, kilichokwisha kulimwa kabisa, kilipewa Jerop. Mume wake alikuwa amezungumza na nyapara wa wakati huo mapema, kabla hata vumbi la lori halijatulia. Kobilo alijua. Alipita pale akamwona Jerop anapanda mahindi katika udongo ambao wote sita waliugeuza kwa ajili ya mtu mwingine. Alisema nini? Hakusema kitu. Alisema moyoni kwamba heri apate mtu wetu kuliko mtu wa mbali. Na mwaka uliofuata alikilima kipande hichohicho, upande wa mfereji, akapewa chakula, akashiba.

Miaka ikapita, na watu wa Kobilo wakaanza kupungua, polepole, hakuna siku moja ambayo ungesema ndiyo hii. Mmoja alikufa kwa homa. Wengine hawakwenda mahali popote, walibadilika tu: wana wao walioa, nao wakaanza kutuma wake za wana wao kwenye zamu. Mama anakaa nyumbani na wajukuu, msichana anakuja na jembe la mkwe wake. Ukimwambia msichana huyo, "Mwaka ule nilimlimia mkwe wako akiwa mgonjwa," anakutazama kana kwamba unamsimulia habari za nchi nyingine. Mwaka wa 1956 Kipkemei, mume wa Kobilo, alianguka zizini akikamua, na hakuinuka. Kobilo hakuwa na mtoto wa kiume wa kumletea msichana mwenye jembe. Alikuwa na binti mmoja, Lea, aliyeolewa Elburgon na mtu wa kiwanda cha mbao. Basi akaendelea kwenda mwenyewe.

Kufikia 1958, katika wale sita wa kwanza walikuwa wamebaki wawili, Kobilo na Jerop. Mwingine alikuwa Akoth, aliyeingia kwenye zamu mahali pa Wariara, na wasichana watatu. Mkubwa wa wasichana hao kwa sauti, si kwa umri, alikuwa Cheptanui, mke wa Kemboi. Na Kemboi, mtoto wa kwanza wa Jerop, ambaye Kobilo ndiye aliyempokea kwa mikono yake akamkata kitovu, sasa alikuwa nyapara.

Siku moja ya Januari Kobilo na Jerop walikwenda kuokota kuni ukingoni mwa msitu. Kobilo alipoinuka na mzigo, alisimama kidogo akashika kiuno.

"Ni nini?" Jerop akauliza.

"Mgongo. Siku nyingine asubuhi unakataa kabisa. Usimwambie mtu, Mama Kemboi. Wasichana hawa wataanza kuniweka katikati ya mstari."

Jerop alicheka. "Wewe? Katikati? Hiyo siku nitakuja kuitazama nikiwa nimelipa kiingilio."

Wakacheka wote wawili mpaka kuni zikamwanguka Kobilo. Alirudi nyumbani akijisikia mwepesi. Mtu akifika umri huo hana wengi wa kuwaambia mgongo unauma. Yeye alikuwa na mmoja, akaona anatosha.

Walilima kwa Jerop. Walilima kwa Cheptanui, kwa Akoth, kwa wale wasichana wawili. Mara zote tano Kobilo alikuwa upande wa mfereji. Siku yake ikawekwa, Jumatatu, wiki moja na nusu kabla ya mvua iliyotazamiwa.

Jumatatu hiyo aliamka mapema, akapika sufuria kubwa ya mahindi na maharagwe, akachanganya viazi, akaandaa uji wa wimbi kwenye debe safi. Akapeleka jembe shambani. Akasimama pale penye nyasi ndefu na hakupiga jembe la kwanza, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumtania. Jua likapanda. Akarudi kutazama sufuria. Akaenda tena. Halafu akasikia kicheko upande wa juu, karibu na ua wa miti, na sauti ya majembe yakigonga udongo mgumu pamoja, jinsi yanavyogonga watu wakiwa kwenye mstari.

Walikuwa kwenye kipande kipya ambacho Kemboi alijikatia. Wote watano. Jerop alikuwa katikati.

"Mama Kemboi," Kobilo akasema, "chakula kinapoa."

Jerop hakuinua kichwa. Cheptanui ndiye aliyesimama, akaegemea mpini wa jembe.

"Chakula gani tena, Mama Lea?"

"Cha zamu. Leo ni siku yangu."

Mmoja wa wasichana akamwuliza mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Kwani huyu si aliacha?"

Akoth akajipangusa uso na kitambaa cha kichwa. Alikuwa mtu asiyependa mambo ya kuzungukazunguka. "Mama Lea, sisi tuliambiwa umeacha. Ati mgongo umekataa, ati umesema tusijisumbue na kipande chako, unahamia kwa binti."

"Nani aliwaambia?"

Akoth aligeuza kichwa. Alimtazama Jerop, na wengine wote wakamtazama Jerop.

"Si wewe mwenyewe ulisema mgongo unakuua?" Jerop akasema, akiongea na udongo.

"Nilisema unauma. Nilikuambia wewe. Na baada ya hapo nimelima kwako, upande wa mfereji, uliniona nimeacha?"

"Usinipigie kelele mbele ya watoto."

"Watoto gani? Hawa niliowalimia wiki jana?"

"Mama," Cheptanui akasema kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "uzee sio dhambi. Wewe pumzika. Pale kwa kijito tutapashughulikia sisi. Pana unyevu mzuri sana, kabichi itafanya."

Hapo ndipo Kobilo alipoelewa. Aliona kipande hiki kipya kinavyoteremka mpaka kwenye mpaka wa chake, na chake mpaka kwenye maji.

"Nimemlimia mkwe wako tangu mume wako ni mtoto mdogo," akasema.

"Basi mdai mkwe wangu. Mimi hujanilimia."

"Mwezi huu nimekulimia."

"Kweli, siku moja." Cheptanui akacheka, na wale wasichana wawili wakacheka pia. "Hiyo nitakurudishia, mama. Ukipata shamba."

Akoth hakucheka. Lakini hakutoka kwenye mstari pia.

Kobilo alingoja Jerop aseme. Neno moja tu lilitosha: hakuacha. Wasichana wale wangenung'unika, lakini wangemfuata, kwa maana hakuna msichana wa kumpinga mama wa nyapara hadharani. Jerop alitema mate viganjani, akashika jembe, akaendelea kulima. Na mstari ukaanza kwenda.

Kobilo alilima peke yake tangu mchana huo. Chakula cha watu sita alikula siku tatu, na siku ya tatu kilikuwa kimechacha naye akakila hivyohivyo, kwa sababu jembe lilihitaji nguvu. Alikuwa amegeuza chini ya theluthi moja ya kipande mvua ilipoanguka, Ijumaa, kubwa, wiki nzima kabla ya siku iliyotazamiwa. Jumamosi asubuhi Kemboi alipita na vijiti vyake.

"Kemboi," Kobilo alimwambia, "mikono hii ndiyo uliyoangukia ukitoka tumboni."

"Najua, mama. Nakuheshimu. Lakini mimi nafuata sheria ya Bwana." Na alisimika kijiti.

Kobilo hakwenda kwa mzungu. Angemwambia nini, na kwa lugha gani? Alikwenda kwa mlango wa Jerop, mara moja. Ulikuwa umefungwa, na moshi unatoka juu ya paa. Alisimama pale mpaka akaona aibu ya kuonekana na wapita njia. Wiki iliyofuata lori la magogo lilimpeleka Elburgon na jembe, sufuria, na ngozi ya kulalia.

Nyumba ya Lea ilikuwa ya mabanzi, kando ya kiwanda cha mbao, na vumbi la mbao liliingia hata kwenye chai. Mume wa Lea hakumfanyia ubaya wowote. Alimwita mama, akamwachia kiti. Lakini kwa watu wa Kobilo, mama mkwe hakai nyumba moja na mume wa binti yake. Hata kula mbele yake ni shida. Kwa hivyo Kobilo alikula nyuma ya nyumba, akitazama rundo la magome. Alikaa karibu mwaka mzima asiwe na mtu wa kumsalimia kwa jina. Walimwita bibi wa kwa Lea, au mama wa nyuma.

Basi mwaka wa 1959, siku ya soko, mtu alimshika bega kutoka nyuma.

"Wewe mwanamke, mbona umekonda kama mguu wa mbuzi?"

Ni Wariara. Meno mawili yalikuwa yametoka, nywele zimekuwa nyeupe mbele, lakini maneno yalikuwa yaleyale. Watu wao walikuwa wameanza kuruhusiwa kurudi mmojammoja, na mwanawe alipata kazi ya kupakia mbao. Mtoto mmoja alikufa huko walikopelekwa. Hilo alilisema haraka, kisha akauliza, "Unalima wapi siku hizi?"

"Pale nyuma ya kiwanda wamenipa kijisehemu kama mkeka."

"Vizuri. Alhamisi nakuja."

"Kufanya nini?"

"Kwani sikukuambia siku yako iko kwangu? Ulidhani nilikuwa naimba?"

Alhamisi alikuja na jembe la kuazima. Walilima wawili, kisehemu kilikuwa kidogo na magome yamejaa, na saa sita walikuwa wamemaliza. Kobilo alikuwa amepika. Wakakaa chini, na Wariara akauliza lile swali ambalo Kobilo alikuwa akiliogopa tangu sokoni.

"Na kile kipande changu, nani alikichukua?"

"Jerop."

"Na akalimiwa na nani?"

Kobilo aliweka kijiko chini. "Na sisi. Na mimi, upande wa mfereji. Sikusema neno."

Wariara alitafuna polepole upande wa meno yaliyobaki.

"Kwa hivyo ulimwona akifanya kwangu," akasema mwishowe, "ukangoja akufanyie na wewe."

"Ndiyo."

"Basi ulikuwa unanidai siku, nimelipa. Sasa mimi ndiye ninayekudai. Jumanne uje kwangu na jembe lako, na mimi sikuweki katikati."

Jumanne Kobilo alikwenda. Mgongo ulimuuma siku nne, naye hakumficha Wariara.

Miezi michache baadaye Akoth alifika Elburgon kumtembelea ndugu yake, akapitia kwa Kobilo. Hakuweza kumtazama vizuri usoni. Alisema kabichi za kijito zimefanya vizuri sana. Alisema pia kwamba mgongo wa Jerop sasa umeisha kabisa, hainuki bila fimbo, na kwamba Cheptanui amemhamishia nyumba ndogo ya nje, karibu na kuku. Zamu ni ya wasichana watupu sasa. Hakuna mtu anayeingia kwake kukaa, mtu huingia kuchukua mayai.

"Amenituma," Akoth akasema. "Anasema uje siku moja, mkae kama zamani. Anasema hana tena mtu wa kuongea naye aliyemjua akiwa msichana."

Kobilo aliendelea kupepeta maharagwe. "Na lile neno?"

"Neno gani?"

"Alilowaambia nyinyi. Alilisema tena, mkiwa mmekaa wote? Aliwaambia wale wasichana alidanganya?"

"Hapana, Mama Lea. Hilo hakulitaja."

"Na wewe ulikuwepo. Uliniona niko hai, na jembe langu."

Akoth akainamisha kichwa. "Niliogopa nyapara."

"Najua." Kobilo akammiminia uji, akampa, kwa sababu mtu ametoka mbali. "Mwambie njia naijua. Mwambie hata leo hii ninaweza kupata lori la magogo likirudi tupu. Lakini aanze kuwaita. Cheptanui awepo, na wale wawili, na wewe, na Kemboi asimame mlangoni asikie. Aseme kwa mdomo wake: Kobilo hakuacha jembe, mimi ndiye niliyesema. Shamba simdai, shamba ni la mzungu. Hiyo siku moja ya Cheptanui pia sisahau, lakini huyo ni mtoto. Neno ni la Jerop."

Akoth alikunywa uji wake akaondoka. Hajarudi na jibu. Jerop yuko katika nyumba yake karibu na kuku, Kobilo yuko nyuma ya kiwanda, na neno lile bado halijasemwa.